Bao la Kwanza na Mashine ya Kinyozi

Jumamosi nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa kinyozi pale Ipagala. Kitini alikaa karani mmoja, shabiki wa timu yetu iliyopanda daraja msimu huu, na redio ilikuwa inatangaza mechi.

"Tukishinda ni moja bila, tukifungwa ni tano," alilalamika, miguu haitulii. "Tofauti ya mabao inatuumbua!"

"Tulia, kaka," kinyozi alimsihi.

Wapinzani wakafunga. Karani akaruka, mashine ikamchora mstari mweupe juu ya sikio.

"Rekebisha sasa hivi!"

Kinyozi kila alipojaribu kurekebisha, karani aliruka tena. Mpira ulipoisha, tulikuwa tumefungwa tano na kichwani hakukubaki unywele.

Alijipapasa kipara. "Mabeki wetu wabovu," akasema.

Mimi naona bao la kwanza lingerudishika, na ule mstari ungefichwa na kofia.