Disketi ya Peniel Mnadani

Tangu tumzike Peniel sijaweza kukaa. Nikishika ufagio nauacha katikati ya uwanja. Nikifungua Zaburi nasoma mstari mmoja mara tatu, kisha najikuta nimesimama stesheni ya Itigi kama mtu anayesubiri mgeni. Naandika nikidhani labda mkono ukitembea, miguu itatulia.

Peniel alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Alifanya kazi reli, kwenye chumba cha kupanga treni zipishane. Njia ni moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja ni maafa. Walipopunguza watu, wenzake walifungua maduka kwa kiinua mgongo. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta ya mtumba, ameifunga kwenye blanketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hiyo televisheni inaonyesha nini?"

"Bado haijui kitu. Nitaifundisha."

Alipanga chumba kando ya banda la video la Melkizedeki, kwa sababu ya jenereta. Miaka miwili alijifunza kuandika programu kwa kitabu, huku nyuma ya ukuta, kwenye video, wakipigana karate. Alipomaliza alikuwa na programu ya kupanga ratiba ya vipindi. Shule zetu zina walimu wachache, na mwalimu wa taaluma alikuwa akikaa wiki nzima na penseli na raba, halafu mwalimu wa hesabu bado anajikuta na madarasa mawili kwa wakati mmoja. Peniel alisema mwalimu ni treni na darasa ni kipande cha reli. Programu yake ilimaliza kazi kabla chai haijapoa.

Akaigawa bure. Ndani ya kila disketi aliweka maandishi yote ya programu, wala hakuficha kitu, na karatasi iliyosema: "Nakili, mpe mwenzako. Ukiona kosa lirekebishe, kisha nirudishie nami nijifunze." Walimu wakarudisha. Mwalimu Felista wa Kilimatinde alirekebisha vipindi vya maabara. Mwalimu mmoja wa Tabora aliongeza nafasi ya swala ya Ijumaa. Disketi zilikwenda na kurudi kwa treni, mikononi mwa gadi, msimamizi wa treni.

Lakini jenereta haili sifa.

"Peniel, huu ni wakati wa soko huria," Melkizedeki alimwambia mbele yangu. "Hata shule na hospitali tunachangia. Wewe nani kakutuma ugawe?"

"Nimepewa bure, natoa bure."

"Basi mwambie aliyekupa alete na dizeli."

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, akitaka kuinunua programu na kuifunga, ili kila shule imlipe yeye na asiwepo wa kuigusa ndani. Peniel alitembea juu ya mataruma ya reli kutwa nzima. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia auze.

"Dada, nikiuza nitakuwa nimeuza na kazi ya Felista."

"Basi waombe watu wachangie."

"Kuomba siwezi."

Nilimwendea mchungaji, akakubali inadiwe kanisani. Jumapili ya mavuno niliiweka disketi moja kwenye meza ya mnada, kati ya jogoo na kibuyu cha asali. Mzee Alute, mnadi wetu, aliinyanyua akaigeuza.

"Hiki nacho kinaliwa?"

Watu wakacheka. Mchungaji akaeleza kuwa kitakachopatikana ni cha dizeli ya kuendesha kompyuta ya Peniel. Mkuu wa shule akainunua, akasema, "Narudisha, inadiwe tena." Ndivyo tunavyofanya kwa sadaka: mtu hununua kuku akamrudisha mezani, mwingine naye amnunue. Disketi ilirudi mezani mara sita. Mara ya saba Melkizedeki mwenyewe alipaza sauti, "Dumu la dizeli! Na narudisha!"

Peniel alinikuta nje. "Umeniaibisha, dada."

Felista alikuwa nyuma yake. "Peniel, unaturuhusu turekebishe, unatukataza tuchangie? Hicho nacho ni kiburi."

Jumatatu alimkatalia yule mfanyabiashara. Tangu hapo kila mavuno disketi ilinadiwa, na walimu wa mbali walituma chochote kwa gadi, hata asali.

Machi mwaka huu homa ilimchukua kwa siku tatu. Mfanyabiashara alikuja msibani na rambirambi, akasema bado yuko tayari kununua. Barua za shule zikaendelea kuja, zikimwita Peniel kwa jina: wizara imebadilisha vipindi, programu inakataa, tusaidie. Nilizifunga kwa uzi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, lakini maandishi ya programu siyawezi.

Jumapili iliyopita ilikuwa mavuno. Disketi ilinadiwa. Wakanunua wakilia, wakarudisha wakilia. Nilikaa, nikasimama, nikatoka, nikaingia tena. Dizeli ilikuwa inapatikana ya mwaka mzima, lakini nani atakaa mbele ya mashine? Kila aliyerudisha nilimwona kama aliyenipa pole na kuondoka zake. Nilianza kumtafuta mfanyabiashara kwa macho.

Felista alikuwa amefika kwa lori asubuhi ile. Akanunua. Mzee Alute akanyoosha mkono.

"Lete, mwalimu, tuendelee."

"Sirudishi."

Watu wakanung'unika. "Mwalimu, hiyo ni ya marehemu!"

"Najua ni ya nani." Aliitia kwenye mkoba wake akanigeukia. "Dada Eliana, barua za shule ziko wapi?"

Nilikimbia. Mama mzima wa kanisa, nimeshika viatu mkononi. Niliporudi na furushi la barua, Mzee Alute alikuwa ameanza kunadi jogoo.

Kesho yake tuliifunga kompyuta kwenye blanketi lile lile, Melkizedeki akaipakia kwenye lori pamoja na madumu yake mawili ya dizeli, kwa jenereta ya shule ya Felista. "Huko Kilimatinde msiifundishe karate," alisema, kisha akageuka upande akajifuta uso.

Leo Alhamisi nimekwenda stesheni tena. Kulikuwa na disketi kutoka Tabora, juu imeandikwa jina la Peniel. Nililisoma jina, nikaandika chini yake: Mwalimu Felista, Kilimatinde, kupitia Manyoni. Treni ya kwenda mashariki ilichelewa kwa saa nne. Sikukaa kwenye benchi, nilitembea huku na huku mpaka ikaja, nikamkabidhi gadi mwenyewe.