Leseni ya Nyumba ya Ziwani

Kwa miaka ishirini na sita, Dympna Tiernan aliingia kwenye nyumba za mji wetu wa Kilcorran kwa mlango wa mbele na kudanganywa kwa heshima. Alikuwa mkaguzi wa leseni za televisheni. Sheria ya Ireland ni fupi: nyumba yenye televisheni hulipa yuro mia na sitini kwa mwaka, na fedha hizo huenda kwa shirika la utangazaji la taifa. Desturi ya Kilcorran nayo ni fupi: Dympna akibisha hodi, televisheni hufunikwa shuka.

Mfano mzuri alikuwa Colman Feerick, muuza nyama, kapera wa miaka hamsini na tisa, aliyeishi juu ya bucha lake. Kila vuli mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Colman, nimekuja kuhusu leseni."

"Leseni ya nini, dada Dympna? Mimi jioni naangalia moto tu."

"Na lile dishi juu ya paa?"

"La ndege kuogea."

Hapo, chini ya shuka, sauti ya mwanamume ilisema kwamba timu ya Roscommon iko nyuma kwa goli moja.

"Na huyo?"

"Paka," alisema Colman. "Anapenda mpira. Utakunywa chai?"

Dympna alikataa. Colman akamkaribisha tena, akakataa tena. Mara ya tatu alikubali, kwa sababu kwetu anayekubali mara ya kwanza ni mlafi na anayekataa mara ya tatu ametukana. Kulikuwa na mkate, siagi, na vipande vya nyama ya nguruwe vilivyokatwa kwa unene ambao wateja wa bucha hawakuwahi kuuona. Walizungumza juu ya mvua, juu ya waliofariki wiki ile, juu ya barabara. Kikombe cha pili kilipoisha, Colman alitoa shuka mwenyewe, akasema, "Nenda basi, nitalipa Ijumaa." Na alilipa. Kwa njia hiyo, kwa chai na uongo, Dympna aliuza leseni nyingi kuliko mkaguzi yeyote wa upande wetu.

Alikuwa amemuuguza mama yake mpaka mwisho, na tangu mazishi nyumba yake ilikuwa na viti vinne na sauti moja, sauti ya redio. Asubuhi alikuwa akijibu salamu za mtangazaji akiwa anavaa viatu. Hakuwa mpweke, alisema, maana alikuwa na kazi. Nadhani alikuwa anasema kweli. Ukimwona akiendesha kigari chake katika vijia vyetu, vioo vimejaa ukungu, ungedhani anaenda harusini.

Kisha ukaja mwaka wa Lorcan Devane.

Lorcan alikuwa mtangazaji wa kipindi cha maongezi cha Ijumaa. Kwa miaka kumi na minne aliingia kwenye kila sebule, akacheka na wageni wake, akalia na waliofiwa, na mara moja kwa mwaka alitazama kamera kwa macho laini na kutuomba tulipe leseni zetu, kwa kuwa shirika ni letu sote. Kiangazi kile magazeti yalifichua kwamba mshahara tuliotangaziwa haukuwa mshahara wote. Kulikuwa na malipo mengine, yaliyopita mlango wa nyuma. Lorcan akasimamishwa kazi, wabunge wakapiga meza, na nchi nzima ikaacha kulipa.

Kilcorran haikuficha tena televisheni. Huo ndio uliokuwa msiba wa Dympna. Watu walifungua mlango wazi, kipindi kikinguruma nyuma yao, wakasimama kizingitini wakiwa wamekunja mikono.

"Mwambie Lorcan anilipie."

Na mlango ukafungwa. Dympna aligundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: mwongo hukukaribisha chai, lakini mtu mwenye haki hukuacha kwenye mvua.

Colman alizidi wote. Alibandika karatasi kwenye dirisha la bucha, kati ya soseji na miguu ya kondoo: *Siku Lorcan Devane atakapolipa, nami nitalipa.* Chini yake watu walianza kutia sahihi. Kufikia Septemba walikuwa arobaini na mmoja.

"Hata wewe, Colman?" Dympna alimwuliza, amesimama nje ya bucha na mwavuli wake.

"Si wewe, dada. Ni msimamo."

"Msimamo wako unaniloanisha."

Colman alianza kupanga upya soseji zake.

Mwisho wa mwezi ule msimamizi wa Dympna, Bwana Hession, alimpigia simu kutoka ofisi ya Athlone. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha.

"Dympna, takwimu zako zimekufa. Mauzo yasipopanda kufikia mwisho wa Oktoba, tunaufunga mzunguko wako wa ukaguzi. Utakuja huku ndani, kupanga barua."

"Ndani?"

"Kuna joto. Kuna mashine ya kahawa. Na kusema kweli, huko bungeni wanajadili kufuta leseni kabisa, shirika lilipwe kutoka kwenye kodi. Huenda mwakani hakuna leseni."

"Huenda mwakani hakuna mvua pia," alisema Dympna. "Niache mpaka Oktoba iishe."

Alipoweka simu chini aliketi kwenye kimojawapo cha viti vinne. Kupanga barua chini ya taa nyeupe, barua za watu ambao nyuso zao asingeziona. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alijua wazi kwamba hakuwa anapigania yuro za mtu yeyote. Alikuwa anapigania milango.

Ila alikuwa na kitu kimoja ambacho wenye msimamo hawakukijua. Miaka sita nyuma Lorcan Devane alikuwa amejenga nyumba ndogo ya mapumziko kando ya ziwa letu, vioo vitupu upande wa majini. Kila nyumba hutakiwa kuwa na leseni yake, na nyumba ile haikuwahi kuwa nayo. Dympna alibisha hodi pale kila mwaka, na kila mwaka hapakuwa na mtu.

Wiki ya tatu ya Oktoba, Assumpta Nerney, mwanamke anayeendesha posta yetu, aliinama juu ya kaunta na kumnong'oneza: "Bomba la nyumba ya ziwani linatoa moshi. Anawakimbia waandishi wa habari."

Dympna alikwenda Jumatano, saa tano asubuhi. Alipofika kwenye ngazi aliona mwanga wa buluu ukicheza ukutani. Akabisha mara moja. Mwanga ukazimika. Kupitia kioo cha pembeni akaona nyayo mbili zenye soksi za sufu zikitambaa taratibu nyuma ya kochi.

Moyo wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Hatimaye mtu alikuwa anajificha.

Akabisha tena. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, na hapo akasimama Lorcan Devane, ndevu za siku nne, vumbi la zulia kwenye magoti.

"Sina la kusema kwa magazeti," alisema.

"Mimi ni mkaguzi wa leseni za televisheni."

Kisha Dympna akanyamaza.

Hapa inafaa mtu aelewe watu wa kwetu. Mtu wa Kilcorran ukimnyamazia mlangoni, atakunyamazia na yeye, mtasimama hivyo mpaka ng'ombe waitwe kukamuliwa. Lakini Dympna alikuwa amesikiliza redio maisha yake yote, na alijua kitu kimoja juu ya watangazaji: hawawezi kuvumilia kimya. Kimya hewani kwao ni kama moto jikoni. Lazima mtu akimbilie na ndoo.

Lorcan alivumilia kama sekunde nne.

"Hakuna televisheni hapa," alisema.

Dympna alitazama ziwa.

"Yaani ipo, lakini ni ya wageni."

Bata wawili walipita.

"Na isitoshe, imeharibika! Haifanyi kazi kabisa, tangu mwaka jana."

Kosa kama hilo lisingefanywa na mtu yeyote wa Kilcorran mwenye akili timamu. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba sheria haijali kama chombo kinafanya kazi. Kikiwa ndani ya nyumba, hata kimekufa, kinataka leseni. Ndiyo maana sisi husema hatuna. Lorcan, aliyetuomba tulipe kwa miaka kumi na minne, hakuwahi kuisoma sheria yenyewe.

Dympna bado hakusema kitu. Alifungua daftari lake, basi.

"Nasema imeharibika," Lorcan aliendelea, sauti ile maarufu ikianza kutetemeka, "Jumapili yenyewe ilikatika mara mbili katikati ya mechi, ikabidi niizime na kuiwasha..." Akajisikia. Akafumba macho. "Mungu wangu."

"Ulikuwa mchezo mzuri," alisema Dympna. "Hasa kipindi cha pili."

Akacheka, Lorcan, kicheko kifupi kama kikohozi, na kwa sekunde moja alionekana ni mtu mchovu tu aliyezoea kupendwa. Dympna alimhurumia. Lakini huruma haikumfanya afunge daftari.

"Nitalipa. Nalipaje?"

Kulipa kwa simu huchukua dakika mbili. Dympna alilijua hilo vizuri kabisa.

"Watu wa hapa hulipa posta," alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Siku yoyote?"

"Ijumaa ni nzuri. Kwenye saa nne."

Ijumaa ni siku ya pensheni. Saa nne Kilcorran yote iko posta.

Dympna hakumwambia mtu yeyote. Alipita tu kwa Assumpta kununua stempu moja, na alipokuwa anatoka akamshauri ahakikishe mashine ya leseni ina karatasi za kutosha siku ya Ijumaa. Kufikia adhuhuri hata wagonjwa walikuwa wanajua.

Ijumaa foleni ilitoka nje ya posta, ikapita duka la dawa, ikafika mlangoni kwa Colman, ambaye alikuwa ameacha bucha na kusimama kwenye foleni akiwa amevaa aproni. Dympna alikaa kwenye gari lake, upande wa pili wa barabara. Kioo kilikuwa na ukungu. Alikifuta kwa kiganja, kikapata ukungu tena.

Gari la Lorcan likafika. Akashuka na kapelo aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Akaiona foleni. Mguu mmoja ukarudi garini.

Dympna alikifuta kioo tena. Mguu ule ukiingia ndani, basi ni taa nyeupe na mashine ya kahawa.

Aliyeokoa mambo ni Mama Gilhooly, mwenye miaka themanini na nane, aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni na fimbo yake.

"Wewe! Njoo hapa nyuma yangu kabla hawajakupita. Umekonda. Kwenye televisheni una mashavu."

Ungefanya nini? Alikuja. Watu wakasogea hatua kwa hatua, hakuna aliyemtazama, wote wakimtazama. Foleni ilipofika ndani, Lorcan hakuweza kuvumilia tena kile kimya. Akavua kapelo.

"Marafiki, ningependa kusema..."

"Usiseme, mwanangu," alisema Mama Gilhooly. "Lipa."

Akalipa. Assumpta alilisoma jina lake kwa sauti, kama anavyosoma ya kila mtu, akagonga muhuri, akamrudishia chenji. Lorcan akatoka na karatasi mkononi, akaendesha taratibu kuelekea Dublin.

Hakuna aliyepiga makofi. Vichwa viligeuka kumtazama Colman Feerick.

"Niliandika 'atakapolipa'," alisema Colman. "Sikuandika atakapolipa nini."

"Colman!" alisema Mama Gilhooly. "Nilikuwa namfahamu mama yako."

Colman alilipa. Nyuma yake walilipa wengine thelathini na saba, siku ileile. Watatu waliobaki walidai sahihi zao zimeghushiwa.

Bwana Hession alipiga simu Jumatatu, sauti yake imejaa mshangao. "Umewaambia nini?"

"Nilinyamaza tu."

"Basi mzunguko ni wako, mpaka bunge liamue. Na ukijua bunge letu, una miaka."

Angepaswa kufurahi, na alifurahi, mpaka orodha ya Novemba ilipokuja. Kila mwezi hutumiwa orodha ya nyumba zisizo na leseni. Ya mwezi ule ilikuwa na nyumba sita. Wengine wote walikuwa wamelipa, na mtu aliyelipa hana sababu ya kumwona mkaguzi. Alizimaliza nyumba sita Jumanne kabla ya chakula cha mchana. Jumatano alipita polepole kando ya milango aliyoipigania, yote imefungwa, yote halali.

Alhamisi alikuwa anapita mbele ya bucha Colman alipotoka, akipangusa mikono kwenye aproni.

"Dada Dympna! Nataka kumshitaki mtu."

Dympna akashusha kioo. "Nani?"

"Kuna televisheni haramu kwenye nyumba ya marehemu shangazi yangu, kule kilimani. Nyumba nyingine, leseni nyingine. Sheria ni sheria."

"Shangazi yako amefariki miaka minne iliyopita. Nani anaitazama?"

"Hilo ndilo nataka uchunguze." Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyama dirishani. "Nimeipandisha jana mwenyewe. Ni nzito sana."

"Colman, unajishitaki mwenyewe?"

"Mimi sijui chochote. Nasikia tu kwamba mwenye nyumba atakuwepo kesho saa kumi. Na nasikia ni mkaidi. Itabidi uje mara nyingi."

Dympna alitoa daftari, akaandika anwani kwa herufi kubwa, polepole, na siku, na saa.

"Mwambie asitoe shuka mapema," alisema, akapandisha kioo.