Kadi ya Farasi Ilikuwa na Jina Langu

Mama mmoja wa kaunti, mchunguzi wa kesi za wazee wanaoibiwa, aliweka karatasi juu ya meza ya chakula, akazigeuza zinielekee mimi. Kurasa kumi na moja. Kila mstari una siku, saa, namba ya mbio na dau lililowekwa, na juu ya kila ukurasa kuna majina yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti changu cha kuhudumia wagonjwa majumbani. Mzee niliyekuwa namhudumia alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Mtoto wake wa kiume amesimama nyuma yake, mikono kaikunja kifuani.

"Mzee," yule mama akauliza kwa Kiingereza cha polepole, "mwaka huu umewahi kucheza kamari ya farasi kule kasino?"

Mzee akanitazama. Halafu akatazama nje, kwenye maegesho ya magari.

"Mimi mgonjwa," akasema. "Huyu ndiye anayecheza. Mimi hunikalisha pale na kahawa."

"Na hela za benki?"

"Nilimwamini. Nilimpa kadi ya benki aninunulie mahitaji."

Yule mama akanigeukia. "Anayosema ni kweli?"

Nikanyamaza. Asubuhi ileile nilimwamkia shikamoo, nikamwogesha, nikamkata kucha za miguu. Ni mtu wa umri wa baba yangu. Nimwambie "unadanganya" mbele ya mwanawe? Ulimi haukuinuka. Nikasema moyoni, ngoja, ataona haya mwenyewe, atasema. Nilisubiri. Friji ilikuwa inanguruma, nikaisikiliza mpaka ikazima. Mzee akalivuta blanketi juu. Yule mama akaandika. Baadaye walinitumia nakala, rafiki yangu akanisomea: mhudumu hakukanusha.

Wiki ileile cheti changu kikasimamishwa.

Sasa nieleze tangu mwanzo, maana Watanzania wa miji ya huku, Riverdale Park na Laurel, wameshasimulia habari zangu sana bila kuniuliza. Nimesoma mpaka darasa la saba, Kondoa. Nililetwa huku ughaibuni kufanya kazi za ndani kwa familia ya ubalozi. Wao walirudi, mimi nikabaki, nikafagia maofisi, nikasukuma mikokoteni ya hoteli. Mtihani wa cheti nilifeli mara mbili kwa sababu ya Kiingereza, mara ya tatu nikapita. Sina nyumba, sina duka, sina shahada. Nina kile cheti. Bila hicho hakuna mgonjwa ninayeruhusiwa kumgusa, na mimi kazi niijuayo ni kugusa wagonjwa.

Kampuni ilinipeleka kwa mzee kwa sababu ya lugha. Mtanzania mwenzangu, mstaafu wa ofisi kubwa mjini, mjane, moyo mbovu, mguu mmoja unaburuza. Anaishi peke yake kwenye ghorofa pale Laurel. Mwanawe yuko Gaithersburg, kazi ya kompyuta. Huyo ukimwongelesha Kiswahili anaelewa kila neno, anakujibu Kiingereza. Siku ya kwanza alinipigia simu, akasema baba anahitaji hewa, nimtoe nje. Hayo ndiyo maagizo yake yote kwa miezi minane. Kuja alikuja mara mbili.

"Binti, unaendesha gari?" mzee akaniuliza wiki ya kwanza.

"Naendesha, mzee."

"Basi leo hatukai ndani kama mayai. Kuna mahali wanapika kuku vizuri."

Mahali penyewe kasino. Sikupenda, ila mzee akishasema twende, mimi ni nani wa kukataa? Tukapita mashine zote zile zinazolia, mpaka nyuma, kwenye chumba cha farasi. Humo hamna farasi. Kuna skrini ukuta mzima, na kila skrini ina uwanja wa mji mwingine: huku kwetu mvua, kule wanakimbia juani. Wanaume wameinamia magazeti ya mbio na kalamu zao kama watoto wa mtihani. Hakuna anayeongea mpaka mbio zifike kona ya mwisho, hapo ndipo wanapiga meza.

Mzee alinifundisha yeye mwenyewe. Alichukua vipakiti vya sukari kumi, akavipanga.

"Hizi ni hela za watu wote walioweka dau kwenye mbio hii. Zinaingia bakuli moja. Kabla farasi hajatoka, hizi mbili zimeshaondoka." Akavisogeza vipakiti viwili pembeni. "Kidogo cha uwanja wenye farasi, kidogo cha serikali, kingine cha hawa wenye chumba. Ukipanga farasi watatu kwa mfuatano wanakata zaidi. Zilizobaki ndizo wanagawana waliopatia. Na senti za juu juu hawakupi, wanakata kushuka chini."

"Kwa hiyo kasino inashinda wakati gani?"

"Kasino haichezi, binti. Sisi tunakulana wenyewe kwa wenyewe. Wao wameshika bakuli."

"Sasa kama unajua hivyo, tunafanya nini hapa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wengine hawa hawajui farasi. Mimi najua."

Basi wenye chumba hawajali nani kashinda. Wanajali uweke tena. Aliyeshinda mbio ya pili akirudisha hela kwenye mbio ya tatu, wanakata tena, na ya nne tena, pesa ileile. Nilielewa siku ya kwanza, mimi wa darasa la saba. Naandika hili ili mtu asiniambie sikujua.

Siku hiyohiyo ndipo alipokuja kaka mmoja wa pale kasino. Mkenya, suti safi, kazi yake kukaribisha wageni na kuhakikisha wanarudi. Alisikia tunaongea.

"Ai, watu wa nyumbani. Shikamoo mzee. Mama, karibu, mbona umekaa kama umekuja matanga?"

Nilicheka. Ukikaa miaka huku, mtu akikutania kwa lugha yako unalegea. Akasema atatutengenezea kadi, tule bure. Akachukua kitambulisho cha mzee, akaenda kwenye mashine yake, akaandika. Nilikuwa nimesimama karibu. Alisoma, akasoma tena. Akamtazama mzee, mzee akatazama skrini za farasi. Kisha yule kaka akaigeuza ile mashine kidogo ili nisione.

"Tufanye hivi," akasema, sauti imeshuka. "Huyu dada ako na ID?"

"Ya nini?" nikauliza.

"Kadi tu ya pointi. Mtu wako akule. Si ati unauza figo."

Mzee akasema, "Mpe, binti."

Nikampa.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba mzee, mkewe alipokuwa hai, alijiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya watu waliojizuia kucheza. Mtu akiwa humo, kasino inatakiwa imtoe nje. Yule kaka aliliona jina lake kwenye mashine. Badala ya kututoa, alichukua langu.

Kuanzia hapo mkono ulikuwa wangu. Mzee anaandika kwenye kitambaa cha karatasi, mbio ya nne, farasi namba saba mbele ya namba mbili, mimi naenda dirishani na kadi ya pointi na noti anazonipa yeye. Tiketi narudisha kwake. Siku aliyopata nyingi, wa dirishani alitaka kitambulisho kwa ajili ya karatasi ya kodi. Nikasaini mimi. Hela akachukua mzee, akanipa mia moja, akasema, "Kanunue viatu." Na mimi nilichukua, sikatai. Kuku wao nilikula. Pointi zilivyojaa walinipa seti ya sufuria, nikaibeba kwa furaha, na yule kaka akaanza kuniita Mama Sufuria. Ujumbe wake ulikuwa unaingia kila Jumatano: "Mama Sufuria, kesho kuna mbio kali. Meza yenu iko. Usimnyime mzee raha."

Simu ya kampuni inajua uko wapi unapoingia kazini na unapotoka. Katikati haiulizi. Kwenye ripoti ya siku naandika: matembezi. Msimamizi alisoma matembezi ya miezi minane ya mtu mwenye mguu unaoburuza, mvua na theluji, hakuwahi kunipigia kuniuliza tunatembea wapi.

Halafu mzee akaanza kuficha vidonge vyake vya kutoa maji mwilini. Vile vinamfanya aende chooni kila saa, na chooni utakosa mbio. Nilivikuta vitatu kwenye mfuko wa koti lake. Miguu ikavimba, soksi zinaacha mstari kama kamba. Siku moja kwenye mbio ya sita midomo ilimgeuka rangi, anahema kama aliyekimbia yeye badala ya farasi. Nikamshika mkono.

"Mzee, tunaondoka. Nampigia mwanao."

"Mbio moja."

"Hapana. Huoni unavyohema?"

Akanishika na yeye, kwa nguvu nisiyoijua. "Ukimwambia, atanipeleka nyumba ya wazee. Nikafe kule nalishwa uji na watu wasiojua jina langu. Na wewe utafukuzwa siku hiyohiyo. Kaa chini."

Nikakaa. Hilo ndilo kosa langu, na nimelilipia.

Kesho yake nilimpigia yule kaka. Nikamwambia, kaka yangu, usituite tena, mzee ana moyo, atafia mezani kwenu. Nilidhani atashtuka.

"Dada," akasema, taratibu, "mimi sijamlazimisha mtu. Na kumbuka, kadi ni yako."

Kadi ni yako. Nilikuwa jikoni kwa mzee, chai inachemka na kumwagikia jiko. Hapo ndipo nilipoona shimo lilivyochimbwa: miezi minane yote hakuna mahali popote penye jina la mzee.

Sikupata muda wa kufanya kitu. Siku nne baadaye mwanawe alifungua taarifa ya benki kwa mara ya kwanza, na Jumatatu iliyofuata yule mama wa kaunti akaweka karatasi zake mezani.

Cheti kiliposimamishwa nilikwenda kasino mchana, peke yangu, bila kadi. Nilimkuta yule kaka pale pale, anacheka na mgeni mwingine. Nikamwambia twende kwa yule mama wa kaunti, useme ulichoona kwenye mashine. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hawezi kuzungumzia jambo hilo, niandikie ofisi ya wanasheria. Siku hiyo Kiswahili kilimwisha. Walinzi wawili walinisindikiza mpaka mlangoni, wapole kabisa, mmoja akanishikia mlango.

Polisi hawakunishtaki, ushahidi haukutosha. Watu husema nishukuru. Lakini sasa naosha vyombo kwenye mgahawa, mikono imepasuka, na kanisani dada mmoja alihamisha mkoba wake nilipokaa karibu naye. Mzee ana mhudumu mwingine. Sijui kama naye anaendesha gari.

Mwezi ujao nina kikao cha watu wa vyeti. Wataniuliza lile swali nililonyamazia, na safari hii nitajibu. Lakini neno langu peke yake halitoshi, nimeshaambiwa. Kwa hiyo naandika hapa hadharani, wanaohusika wasome, na wasiojua Kiswahili wasomewe.

Wewe kaka wa suti. Uliandika jina la mzee, mashine ikakuambia huyu amezuiwa, ukaigeuza nisione. Njoo kwenye kikao useme hivyo. Kama nimekusingizia, njoo useme hivyo pia, nikiwa nakutazama.

Ninyi wenye chumba. Mlikata fungu lenu kwenye kila dau la mzee, lililoshinda na lililoshindwa. Mna kamera juu ya kila dirisha na kila meza. Toeni picha za Alhamisi zote zile. Ionekane nani alikuwa na kalamu. Nimewaandikia barua mbili. Jibuni.

Mtoto wa mzee, ulinipa baba yako pamoja na ufunguo, ukaenda zako. Kabla ya kuniita mwizi ulimhesabia vidonge?

Na wewe, mzee wangu. Shikamoo. Sikuombi uniombe radhi. Nakuomba uje kwenye kikao, ukae mbele yangu, uulizwe mara ya pili nani alikuwa anachagua farasi, na ujibu.