Kuita Taa

Asubuhi moja huku Katoyi, mtaa wetu wa Goma, nilisalimia koti. Lilikuwa limeanikwa kwenye ua wa jirani, mikono imening'inia, nami nikaliamkia kwa heshima zote na kuliuliza habari za watoto. Mke wangu alinivuta mkono. Nikamwambia nilijua ni koti, nilikuwa natania tu. Hakucheka, na njia nzima nikamnunia kwa kutocheka kwake.

Siku hizo tulikuwa tukitembea pamoja kila asubuhi hadi mtaa wa Mabanga, kwa mdogo wake wa kiume, shemeji yangu. Ni mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Butembo kama dada yake, na nyuma ya ghala lake alikuwa anajitengenezea ndege. Nasema ndege ya kweli, ya kiti kimoja, ya mbao na kitambaa, yenye injini iliyotolewa kwenye gari dogo la zamani. Alijifunza kurusha ndege ujanani, nje ya nchi, halafu baba yake akafa na maharagwe yakamrudisha nyumbani. Mke wangu alishona kitambaa cha mabawa, na cherehani yake ilihamishiwa ghalani kwa kuwa bawa haliingii sebuleni kwetu. Mimi nilipewa umeme.

Nani mwingine angepewa? Nimekuwa fundi umeme wa ndege ndogo tangu ujana wangu. Tangu ndege zilipoacha kutua Goma nilikuwa nakaa nyumbani nikitengeneza redio za majirani na kugombana na kila aliyepita mlangoni. Shemeji aliponiita, nilitoa ovaroli yangu sandukuni, nikaivaa ikiwa na mikunjo yake yote, nikapita Mabanga kifua mbele.

Mbele ya rubani kuna tablo, ule ubao wa vipimo, na kwenye tablo yetu niliweka taa tatu: nyekundu ya presha ya oili, njano ya chaji, kijani ya pampu ya mafuta. Watu hudhani kazi ya taa ni kuwaka. Kazi yake ni kuwaka kwa kiasi. Ikiwa hafifu, jua linaimeza, na injini inaungua rubani akiwa hana habari. Ikiwa kali, kwenye giza la alfajiri inamjaa machoni, naye haoni tena ardhi iliyo mbele yake. Na shemeji alitaka kuruka alfajiri, kabla ya upepo kuamka, kwenye kiwanja kimoja cha majani upande wa Rutshuru, siku mambo yatakaporuhusu.

Nyuma ya tablo niliweka skurubu ndogo ya kuongeza na kupunguza mwanga. Nilikaa kitini, nikaona taa zimefifia, nikaongeza. Kesho yake zilikuwa zimefifia tena. Nikalaumu balbu, kwamba ni za pikipiki. Nikabadilisha balbu. Nikalaumu batri, nikalaumu nyaya za siku hizi, na nikaendelea kuongeza mpaka skurubu ikagota.

"Muzee, hii nyekundu inanikata macho," shemeji aliniambia siku moja. "Tunaweza punguza kidogo?"

"Weye uko mutu wa maharagi," nikamjibu. "Taa uniachie miye."

Alicheka, akasema sawa muzee, akarudi kwenye magunia yake. Ana adabu ya kuudhi, yule mtu. Kwao mume wa dada hapingwi, hata akisema mchana ni usiku.

Nilijua. Hapo ndipo ninapoona haya kuandika. Tangu siku ya lile koti, na pengine kabla yake, nilijua kwamba ukungu ulikuwa ndani ya macho yangu na balbu hazikuwa na kosa lolote. Mama yangu alizeeka na mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anauliza mchana kweupe ni nani aliyezima taa, na sisi watoto tukicheka chini chini. Lakini fundi wa taa asiyeona taa ni nani? Ni mzee wa kuwekewa kiti pembeni na kuletewa chai. Nilikuwa tayari kubishana na batri mwaka mzima kuliko kukalia kiti hicho.

Siku moja skurubu nyingine, ya kufungia tablo, iliniponyoka ikaangukia chini ya kiti cha ndege. Nilikuwa nimeshazoea kutafuta vitu kwa vidole, kwa hiyo nikapapasa. Nikagusa kopo la nyanya, na ndani yake vitu vidogo laini. Vilikuwa vikofia vya kitambaa cha bawa, kila kimoja kinaenea ncha ya kidole gumba, chenye mpira mwembamba ukingoni. Nikakivika kimoja kwenye taa nyekundu. Kikakaa barabara.

Nikaelewa. Jioni nikishaondoka, shemeji alikuwa anazivika taa vikofia ili aweze kukaa kwenye ndege yake mwenyewe na kufanya mazoezi. Asubuhi, kabla sijafika, alivivua na kuvificha. Na mshono niliutambua kwa kidole. Mke wangu hurudisha sindano nyuma kabla ya kukata uzi, na hapo hubaki uvimbe mdogo. Kola ya shati nililovaa ilikuwa na uvimbe huohuo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada na mdogo wake walikuwa wamekaa chini, wakayazungumza macho yangu, wakapima taa zangu, wakakubaliana nisiambiwe. Walinionea huruma kwa siri, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. Nikavirudisha vikofia koponi. Halafu, badala ya kushukuru au hata kulia, nikapandwa na hasira.

"Leo tunaita taa," nikatangaza.

Kuita taa ni desturi ya karakana nilikofundishwa kazi. Aliyefunga tablo anakaa kitini. Mwenzake anasimama kwenye batri na kugusisha waya wa taa moja moja, kwa mpangilio anaoutaka yeye, bila kusema neno. Wa kitini anaita rangi kwa sauti. Asipoita sawasawa, rubani hapandi, na hakuna mkubwa wa kulibatilisha hilo.

Tuliisukuma ndege hadi uani, juani, juu ya mawe meusi ya volkano. Wateja wawili waliokuja kununua maharagwe wakasogea kutazama, na mimi mpumbavu nikafurahi kuwa na mashahidi. Mke wangu alibaki mlangoni mwa ghala akishona kwa cherehani. Nikapanda, nikakaa. Jua lilipiga kioo, na mbele yangu pakawa peupe kama maziwa. Nikasubiri. Nikajiambia kwamba shemeji ni mtu wa utaratibu, hata magunia huyapanga kuanzia kushoto, basi ataanza kushoto, kwenye nyekundu.

"Nyekundu," nikaita.

Halafu nikasikia waya ukigusa batri. Ni mlio mdogo, tsi, kama tone la maji kwenye kikaango. Nimeusikia maisha yangu yote na siwezi kuukosea. Ulikuja baada ya sauti yangu. Nilikuwa nimeita taa ambayo ilikuwa haijawashwa.

Cherehani ikanyamaza.

"Ni sawa, muzee," shemeji akasema. "Nyekundu."

Alisema haraka na kwa sauti kubwa, ili wateja wasikie. Mmoja wao akanipigia makofi. Nilikaa mikono ikiwa magotini, nikiyasikiliza yale makofi. Na hapo ndipo nilipomwona shemeji vizuri kuliko nilivyowahi kumwona kwa macho. Akiruka na taa zangu zilivyo, hataona ardhi. Akizivika vikofia, jua likishatoka hataona oili ikiisha. Alikuwa anayajua yote mawili, na bado angepanda, angeniaga kwa heshima na kuruka, kuliko kuniambia mbele ya watu kwamba sioni.

"Bofrere," nikamwita shemeji. "Sikuone kintu."

Akajikohoza. "Jua iko mingi leo, muzee."

"Hapana. Ni macho yangu. Hata hiyo tablo siione."

Wateja wakatazama chini. Yule wa makofi akakumbuka gunia lake, akamvuta mwenzake, wakaingia ghalani. Nilishuka nikishikilia bawa, mguu ukitafuta ardhi, na safari hii sikumzuia shemeji aliponishika kiwiko. Nikalichukua kopo kutoka chini ya kiti, nikatembea hadi mlangoni kuifuata ile sauti ya cherehani ambayo haikuwepo tena, na nikaliweka mapajani mwa mke wangu.

Nilisikia vidole vyake vikigusa bati.

"Tuliogopa utasikia haya, papa," akasema, akiniita baba kama kawaida yake.

"Nimeisha isikia. Kuya sasa, uikale mu ndege. Weye njo utaita taa."

Akapanda, na sindano bado imechomekwa kifuani mwa kitenge chake. Shemeji akaunga waya wa taa nyekundu, kisha akashika turubai juu ya kiti: akilifunika tunapata giza la alfajiri, akilifunua tunapata jua. Mimi nikainama ubavuni na bisibisi, nikaikuta skurubu kwa kidole. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa tablo. Taa ikiwa kali kabisa, mimi niliona doa jekundu, kama moto ndani ya moshi.

"Naiona," mke wangu akasema. "Inaniumiza."

Nikairudisha skurubu kidogo. Doa likafifia.

"Naiona."

Nikairudisha tena, na doa likapotea. Mkono wangu ulitaka kusimama hapo. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia kwamba taa imezimika.

"Naiona," akasema. "Punguza tena."

Turubai likafunuliwa, likafunikwa. Nikaendelea kuzungusha gizani mwangu, na yeye akaendelea kuniambia kwamba anaiona, kwa sauti ileile anayotumia kunionyesha mashimo ya njiani. Shemeji hakusema neno, kama desturi inavyotaka.

"Hapo, papa. Kwa jua naiona, na mu giza hainiumize."

Nikaacha. Nikaomba rangi, nikaidondoshea skurubu tone ili isisogee tena, na kwa kuwa sikuliona lilipoangukia, nikamwuliza kama limekaa. Akasema limekaa.