Maji ya Chini ya Bomba

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha. Ng'ombe huyo alikufa asubuhi moja pale kwetu Akheri, kando ya mfereji, povu likimtoka mdomoni. Ndama wake alimfuata jioni. Upande wa juu wa mfereji huo, miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia milango wafanyabiashara, palikuwa pamefunguliwa shamba la waridi za kupeleka Ulaya, na bomba lake la maji machafu lilimwaga mabaki ya dawa moja kwa moja kwenye maji yetu. Mama alilia kama aliyefiwa na mtu. Mimi nilifuga kinyongo, nikakilisha kikanenepa.

Nilikuwa mpishi wa wageni hapo hapo shambani. Nilipomweleza mwenye shamba habari za ng'ombe, alinijibu bila kuinua macho kwamba ng'ombe wa wanakijiji hufa kila siku kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Niliitikia, nikarudi jikoni kumkaangia ndizi.

Baadaye akawa anatafuta mkopo mkubwa benki ili apanue shamba. Serikali ingemdhamini, kwa kuwa maua yaliingiza fedha za kigeni, ila dhamana ilikuwa na masharti: wafanyakazi wasidhurike, maji ya majirani yasichafuliwe. Maofisa wakatumwa kutoka Dar waje wajionee. Asubuhi ya siku hiyo wapuliziaji dawa waligawiwa glovu na viatu vya mpira kwa mara ya kwanza, wakaambiwa wavirudishe wageni wakishaondoka.

Sasa, mwenye shamba alikuwa mtu wa mjini, na alipenda kuwaringia wageni kwamba anazijua mila za Wameru. Kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza, uone mwenyewe kwamba haina sumu. Yeye alilifanya hilo kwa mbwembwe zote: anapokea kata kutoka kwangu, anaeleza mila, anapiga funda, ndipo anampa mgeni.

Maofisa walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Walikaa barazani wakasikiliza. Mwenye shamba aliwaapia kwamba maji yanayotoka kwake hata mtoto mchanga anaweza kunywa. Kisha akaniita. Akaeleza mila yake, akanyoosha mkono, nami nikampa kata.

"Leo si mbege, bosi," nilimwambia. "Ni maji ya mfereji, nimeyateka chini ya bomba lako. Onja, kisha uwape wageni."

Alichungulia ndani ya kata. Harufu ya dawa ilitufikia sote.

"Onja basi, mwenyeji," yule mama alisema kwa upole.

Hakuonja. Aliiweka kata chini, akaanza kudai kwamba nimetumwa na washindani wake. Yule mama akaomba aonyeshwe bomba. Niliwatangulia mimi, nikitembea polepole makusudi, ili roho ya bwana yule iungue kwa muda mrefu zaidi.

Dhamana haikutoka, na mkopo ukafa nayo. Wageni walipoondoka alinifuata jikoni, akaniuliza amenikosea nini.

"Ng'ombe wetu hakuna aliyemwonjea," nilimjibu, nikavua aproni.

Nyumbani, mama yangu alinigombeza sana. Aliuliza wanawake waliokuwa wakichuma maua watakula nini, na kweli baadhi yao waliacha kunisalimia kanisani shamba liliposinyaa. Hilo liliniuma.

Mchungaji huhubiri tusamehe saba mara sabini, na watu wengi nimewasamehe. Lakini siku mwenye shamba alipouza kila kitu na kuhama, nilivaa kitenge changu cha Krismasi, nikasimama kando ya barabara mahali ambapo angeniona, na sikuondoka mpaka lori lililobeba vyombo vyake lilipopotea.