Mama Boneti na Supra isiyopata mchumba

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Geti la yadi halijafunguka hata nusu, lakini Mama Boneti tayari ana glasi sita za chai ya rangi juu ya boneti ya gari jeusi. Tatu chini, mbili juu yake, moja kileleni. Anapitisha mkono dirishani, anawasha injini, anarudi nyuma hatua mbili na kushika kiuno.

Chai imetulia tuli.

Bwana mmoja mwenye tai, ambaye kwa maelezo yake amekuja “kuuliza bei tu”, anasogea taratibu. “Sasa mama, hiyo chai ni ya wageni?”

“Huu ni mtihani, baba, si kifungua kinywa. Mwaka 1989 Toyota walipoleta Lexus yao ya kwanza, walitengeneza tangazo la namna hii hii. Ila wao walipanga glasi za shampeni. Mimi natumia chai kwa sababu shampeni shemeji yangu angeimaliza kabla sijawasha gari.”

Anapiga boneti kofi la mapenzi. “Na hili ndilo lenyewe. Nje waliliita Lexus, kwao Japani wakaliita Celsior. Majina mawili, mama mmoja.”

Nusu saa baadaye bwana wa tai yuko ofisini anasaini karatasi. Mama Boneti anakunywa ile glasi ya kileleni, anachukua ndoo yake na kurudi kwenye matope ya tairi. Kwa sheria ya yadi hii, yeye hajauza kitu. Yeye ni msafishaji. Muuzaji ni yule anayekaa mezani, na meza ni ya shemeji.

Ana miaka hamsini na mitatu, kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kuosha na kupiga polishi magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Siku nzuri anasafisha kumi na mawili. Mshahara wake wa mwezi, anasema mwenyewe bila haya, haununui tairi mbili za gari analolipenda kuliko yote.

Mwenye yadi ni mume wa mdogo wake, kwa hiyo kutwa nzima ni shemeji huku, shemeji kule. Wanataniana mpaka mteja mgeni hudhani wanagombana. Wakati mwingine wanagombana kweli.

Elimu yake aliianzia kwenye vidroo vya dashibodi. Magari yakifika huwa na vitabu vyake, vyote vya Kijapani, na yeye alikuwa akivitazama picha wakati wa chakula cha mchana. Baadaye binti yake akaanza kumsomea habari za magari hayo kwenye simu, naye akawa anaandika kwenye daftari. Sasa madaftari yamefika saba.

“Watu wanadhani Toyota ni gari la kubebea vitunguu,” analalamika. “Jamani! Hawa walianza na mashine za kufumia nguo. Mwaka 1967 wakatoa gari la michezo, 2000GT, wakishirikiana na Yamaha. Unajua Yamaha? Watengeneza piano. Dashibodi yake ni ya mbao, na mbao ile ilishikwa na mikono ya watu wa ala za muziki. Hayakufika hata mia nne duniani. Mimi nikiliona moja nitapiga goti, na safari hiyo si kwa kusugua.”

Mwandishi wa makala haya akiuliza kuhusu magari ya kifahari, anajuta kwa nini hakuja na daftari kubwa zaidi. Anaelezwa kuhusu Century, gari la wakubwa wa Japani, ambalo viti vyake ni vya kitambaa cha sufu. “Ngozi inalia ukikalia. Mkubwa wa kweli hataki kiti kimtangaze.” Anaelezwa kuhusu Lexus LFA, mia tano tu duniani, ambalo injini yake inapanda mzunguko upesi kiasi kwamba mshale wa kawaida wa dashibodi haukuweza kuifuata, wakalazimika kuweka kioo cha kidijitali. Hayo yote anayaeleza huku amepiga magoti, kichwa kikiwa ndani ya mlango wa nyuma wa gari la shule.

Na magoti ndiyo yenye kesi. “Yananiuma asubuhi, yananiuma jioni. Miaka kumi na tisa niko chini. Nataka kukaa, basi. Ile meza ina kiti, na kiti kina mgongo.”

Alipoiomba meza hiyo, shemeji alicheka, kisha akaona njia ya kumnyamazisha. Akamwonyesha kwa kidole Supra nyeupe ya mwaka 1994, gari la mbio la milango miwili, iliyokaa yadini miezi kumi na minne. “Uza hiyo kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi jioni, na meza ni yako. Usipoiuza, Jumatatu mafundi wanaifungua, naiuza vipandevipande. Injini kwa huyu, milango kwa yule. Na habari ya meza nisiisikie tena.”

Walipeana mkono. Mdogo mtu akawa shahidi.

Kwa mtu anayeuza Celsior kwa glasi za chai, kazi hiyo ilionekana nyepesi. Tatizo ni kwamba Supra ilikuwa haijauzwa kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni Mama Boneti.

“Huyu mama hauzi gari, anachunguza ukoo,” anasema shemeji, na hapo ameshika kichwa. Kijana mmoja wa mjini alikuja na nia ya kununua. Mama Boneti akamuuliza kuna nini chini ya boneti. Kijana akajibu, “Si injini tu?” Akaonyeshwa geti. Baba wa watoto wanne akaja, akaambiwa kiti cha nyuma kinatosha mfuko wa vitunguu na mtoto mmoja asiye na miguu, akapelekwa kwenye gari la abiria wanane. Alilinunua palepale, ila hilo shemeji halitaji.

Kisha kuna kisa cha chai. Shemeji, akiwa amechoka, alishikilia kwamba glasi zipangwe na juu ya Supra pia. Mama Boneti alimwonya kuwa hilo ni gari la mbio, na tena mwenye gari wa kwanza alikuwa amebadilisha bomba la moshi akaweka pana kama ndoo. Shemeji akasema chai ni chai. Injini ilipowaka, glasi zote sita zilianza kutembea kuelekea kwa mteja, polepole, kwa adabu, moja baada ya nyingine. Bwana yule aliondoka na suruali yenye sukari, na nyuki wawili wakimsindikiza.

“Nilimwambia,” anasema Mama Boneti.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, na saa tisa alasiri akaingia fundi wa magari ya mashindano, mtu anayejulikana kwa jina la Spana. Hakuuliza bei mara mbili. Aliinama, akatazama, akapiga mluzi.

“Mama, naichukua leo. Nataka injini. Bodi nitawaachia, mtaitupa wenyewe.”

Shemeji alikwisha kufungua droo ya mikataba. Alimkonyeza Mama Boneti na kusogeza kiti nyuma ya meza, kile chenye mgongo, kama mtu anayemkaribisha bibi harusi. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

Mama Boneti alisimama na kitambaa chake mkononi. Anakiri kwamba alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Anakiri pia kwamba machozi yalimlenga, akasingizia sabuni.

“Baba Spana,” akasema, “injini hii ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita tatu, na turbo mbili. Siyo?”

“Ndiyo hiyohiyo.”

“Basi njoo huku nyuma.”

Akampeleka mpaka ukutani, penye sedani moja ya kijivu, Aristo, iliyobondwa buti na kusahaulika tangu mwaka juzi. Hata shemeji alikuwa akiitundikia nguo za kazi. Mama Boneti akaondoa ovaroli mbili na shati, akafungua boneti.

“Toyota waliiweka injini ileile kwenye gari la kifahari, baba. Mzee wa heshima kwa nje, mkorofi kwa ndani. Hii chukua, ukatekate upendavyo, imeshaumia. Ile nyeupe niachie.”

Spana alichungulia, akanyanyua kichwa, akachungulia tena. Kabla ya saa kumi Aristo ilikuwa inavutwa kwa mnyororo kupita getini, na shemeji alikuwa anacheka peke yake ofisini, maana mzigo ule alikwisha kuufuta moyoni.

Kicheko kilipokwisha, akakumbuka. “Lakini shemeji, mkataba wetu ulikuwa Supra.”

“Najua.”

“Na Supra bado iko.”

“Naiona, shemeji. Sina upofu.” Akavuta pumzi. “Basi tufanye hivi. Meza baki nayo. Kiti baki nacho. Mimi nipe mwezi mwingine mmoja, mafundi wasiiguse.”

Shemeji alirudisha mikataba kwenye droo. Yeye ndiye aliyemwona akishuka sakafuni na kuinuka kwa kushikilia vitasa vya milango miaka yote hiyo. Akakohoa, akasema sawa.

Nyumbani, mumewe, dereva mstaafu wa basi asiyependa maneno mengi, alisikiliza kisa chote akiwa anamkanda magoti kwa maji ya moto. Mwisho akauliza swali moja: “Yaani umeacha kiti chenye mgongo kwa ajili ya gari lisiloweza kumbeba hata mama mkwe?”

“Ndiyo.”

“Haya.” Akaendelea kukanda. Baada ya dakika moja mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na mkewe naye akashindwa kujizuia.

Mwandishi anamkuta tena katikati ya wiki, akiifuta Supra kwa kitambaa laini ambacho hakigusi gari lingine. Anaulizwa kama hajutii.

“Najuta kila nikiinama,” anasema. “Lakini ningekaa pale mezani nikisikia spana zinalia nyuma ya ukuta, kiti kile kingenichoma. Mimi nimeliosha hili gari zaidi ya mara mia nne. Kuna watoto wa ndugu zangu sijawaosha mara hizo.”

Mpango wake wa mwezi uliobaki ameuandika kwenye daftari la nane. Mnunuzi awe na lami mpaka mlangoni. Asiwe na haraka ya maisha. Ajue kuna nini chini ya boneti. Na kila Jumapili apige simu, amwambie tu kwamba gari halijambo.

Shemeji, aliyekuwa akisikiliza dirishani, anashindwa kuvumilia. “Shemeji, hiyo si biashara! Hiyo ni posa!”

Mama Boneti hainui hata kichwa. “Kama ni posa, tulia ofisini kama mzazi mwenye adabu. Mahari si utapokea wewe?”