Shuka la Njano, Blanketi la Buluu

Kesho yake baada ya kumzika mama, nilianika shuka lake kambani kama vile yuko ndani anakunywa chai.

Majirani wakasema nimerukwa na akili. Ngoja niwaeleze, ndipo mnihukumu.

Kwetu ni mpakani. Zamani mpaka ulikuwa mto, na watu walivuka kuoana, kuzikana na kuombana chumvi. Yakaja mafuriko, mto ukahama njia. Serikali moja ikasema mpaka umehama nao. Nyingine ikasema thubutu, mpaka ni pale pale pa zamani.

Kipande cha katikati, mashamba na makaburi ya babu zetu, kikapiganiwa hadi kikabaki hakina mtu. Ukawekwa uzio wa waya. Kupiga simu ng'ambo kukawa uhaini.

Mama akabaki huku. Mdogo wake alikuwa ameolewa kule.

Bahati nzuri nyumba zao zilitazamana, mlima kwa mlima. Kabla uzio haujakamilika walikuwa wamepatana: kila asubuhi mama aanike shuka la njano, mama mdogo blanketi la buluu.

"Siku usipoliona," mama alimwambia, "ujue sipo."

Mama alikuwa fundi cherehani, na hakugusa kazi kabla hajaliona blanketi. Hata mvua ikinyesha walianika.

"Dada mtu na mdogo mtu, wote vichwa maji," baba alikuwa akisema, nasi tunacheka.

Mama akaugua ghafla, akafa.

Nikasimama na shuka mkononi. Nisipolianika, mama mdogo atajua. Ana presha, mjane, nani atamshika akianguka?

Nikasema liwalo na liwe. Nikaanika.

Blanketi nalo likatokea. Nililia, jamani.

Miaka ikapita hivyo. Shuka likachakaa, nikashona jingine, nikalichovya rangi mara mbili lifanane.

"Mke wangu, unamdanganya mtu mzima," mume wangu alinilaumu.

"Siwezi kumuua kwa kamba ya nguo," nikamjibu. "Njia ikifunguka nitamwambia nikiwa nimemshika mikono."

Mwaka jana wakafungua njia, siku moja tu, watu wasalimie ndugu zao. Nikavuka.

Blanketi lilikuwa kambani. Lakini mlango ulifunguliwa na mwanamke nisiyemjua. Lafudhi yake ilinitosha: alikuwa wa wale walioletwa kutoka mbali na serikali ya kule kujazwa kwenye nyumba za wenyeji. Kwetu tulifundishwa kuwaita wezi.

"Namtafuta mama yangu mdogo," nikasema.

Akanitazama, akautazama mlima wetu.

"Wewe ni wa shuka la njano?"

"Ni la mama yangu. Mama mdogo yuko wapi?"

"Ingia kwanza, mwanangu."

"Niambie hapa hapa."

Akaniambia. Aliletwa humo kwa amri, akapewa chumba cha uani. Mwanzoni hata salamu hawakupeana. Mwishowe wakawa wanapika chungu kimoja. Mama mdogo alimfia mikononi, kabla hata mama yangu hajaugua.

"Aliniusia nisiache kuanika," akasema. "Alisema dada yake ana roho nyepesi, hatavumilia. Nikawa nasubiri njia ifunguke nimwambie mwenyewe. Mama hajambo?"

Nilitikisa kichwa tu.

Akaelewa. Akakaa chini pale mlangoni, akaanza kumlilia mama yangu, mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Nami nikakaa kando yake nikimlilia mama mdogo.

Kumbe mama alikufa akiamini mdogo wake mzima. Na miaka yote ile tulikuwa tunadanganyana sisi wawili, tusiojuana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Baadaye alinipeleka kaburini. Palikuwa pamepaliliwa, pasafi.

Ndugu zangu, mkionyeshwa adui yenu, ulizeni kwanza ni nani aliyewafumba macho wafu wenu. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.